Shilingi 339,000 katika leja: uchambuzi wa kisa cha marejesho ya ushuru ambayo hayakuombwa

Barua pepe ilifika wiki ya kwanza ya Ramadhani, mwezi Machi 2024, lakini mwenye kampuni hakuifungua hadi baada ya futari, kwa sababu kichwa chake kilikuwa na neno marejesho, na yeye alikwisha kuapa kwamba ujumbe wowote unaomwahidi fedha ambazo hakuziomba umetoka kwa matapeli. Asubuhi yake alikuja ofisini kwangu pamoja na binti yake, ambaye ndiye mwenye kushika vitabu vya kampuni, akiwa ameichapisha barua ile na kuikunja mara nne kama cheti cha hospitali.

Kampuni yenyewe ni ya familia. Kazi yake ni kuezeka makuti na kukarabati mabanda, migahawa na kumbi za hoteli za ufukweni, kuanzia Shanzu hadi Diani, na ina wafanyakazi wa kudumu wanne. Waezekaji wengine huitwa kazi inapopatikana, hasa baada ya mvua za masika, makuti yanapokuwa yameoza na hoteli zinataka paa mpya kabla ya wageni. Majina yote nimeyaacha nje kwa makusudi.

Barua, iliyobeba jina la Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, ambayo sote tunaiita KRA, ilikuwa fupi. Ilieleza kwamba leja ya ushuru wa mapato ya kampuni kwa mwaka wa 2022 inaonyesha salio la shilingi 339,000 kwa upande wa mlipa ushuru, kwamba hakuna ombi lolote lililowasilishwa kuhusu salio hilo, na kwamba kampuni inatakiwa kulinganisha hesabu zake na leja, kisha ndani ya siku 30 iwasilishe ombi la kurejeshewa au la kufidia ushuru mwingine, pamoja na vielelezo. Mzee aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa sentensi moja: "Mwanangu, kama hizi pesa ni zangu, mbona wananiandikia barua badala ya kunipa?"

Kabla ya kulijibu ilibidi tuhakikishe barua ni ya kweli, na hofu yake katika hilo ilikuwa ya haki, kwa kuwa utapeli wa marejesho ya ushuru ni biashara kamili. Hatukubonyeza kiungo chochote kilichokuwa ndani ya barua. Binti aliandika mwenyewe anwani ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, katika kompyuta, akaingia kwa PIN ya kampuni, yaani nambari yake ya mlipa ushuru, na nywila yake, akafungua leja ya ushuru wa mapato, na salio la 339,000 likawa pale pale, kwa tarakimu zile zile. Barua haikuomba nywila, haikuomba ada ya kushughulikia malipo, wala haikutaja nambari ya simu ya kutumiwa chochote. Jirani mmoja alikuwa amemshauri mzee aende kwenye mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA, na mwingine, ambaye nadhani ni dalali, alijitolea kufuatilia kwa asilimia 30. Mashauri yote mawili yalikuwa nje ya njia. UFAA, iliyoundwa chini ya sheria ya 2011, hushughulika na mali kama akaunti za benki zilizolala na gawio lisilochukuliwa. Ushuru uliolipwa kupita kiasi hubaki katika leja ya mlipa ushuru na huombwa kwa KRA yenyewe, kwa fomu isiyo na malipo.

Jibu la swali la mzee limo katika kifungu cha 47 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015. Kifungu hicho hakisemi kwamba aliyelipa zaidi atarudishiwa. Kinasema kwamba anaweza kuomba, ama kufidiwa katika ushuru wake wa baadaye, ama kurejeshewa, na kwa ushuru wa mapato ombi la kurejeshewa linapaswa kufika ndani ya miaka mitano tangu tarehe malipo ya ziada yalipofanyika. Kwa hiyo ritani, yaani tamko la mapato na ushuru wa mwaka, iliyowasilishwa Juni 2023, iliyoonyesha kwamba kampuni imelipa zaidi, ilikuwa ni taarifa tu. Ilikaa katika leja miezi tisa bila ombi, kwa sababu kijana aliyeajiriwa kwa msimu ule kuandaa ritani aliamini kwamba kuijaza ndiko kuomba. Muda ulikuwepo tele: hata tukihesabu kwa uangalifu mkubwa, kuanzia Januari 2022, ushuru wa kwanza wa mwaka ule ulipokatwa, mwisho ungekuwa Januari 2027. Kilichokuwa kigumu ni kujua kama 339,000 ni tarakimu ya kweli.

Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na maana kwa wafanyabiashara wengine, kwa sababu wengi wanaopata barua ya aina hii huitazama tarakimu ya mwisho tu. Mimi huisoma barua kama hiyo kuwa ni swali kuhusu vitabu. Mamlaka haijasema kwamba inadaiwa 339,000; imesema kwamba wewe, katika ritani uliyoitia saini, ulidai hivyo, na sasa inakupa nafasi ya kulithibitisha dai lako.

Salio lilitokana na vyanzo viwili. Cha kwanza ni ushuru wa awamu, ule ambao kampuni hulipa mwaka ukiendelea, robo kwa robo, tarehe 20 ya mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili. Faida ya 2021 ilikuwa shilingi 2,400,000, na ushuru wake kwa asilimia 30 ulikuwa 720,000. Kwa 2022 kijana alichukua asilimia 110 ya kiasi hicho, yaani 792,000, akakigawa kwa nne, na kampuni ikalipa awamu mbili za 198,000 kila moja, jumla 396,000. Baada ya hapo kazi kubwa ya ukumbi wa mikutano kule Diani ikafutwa, mzee akasimamisha awamu zilizobaki, na mwaka ukafungwa kwa faida ya 1,150,000, ambayo ushuru wake ni 345,000. Stakabadhi za malipo ya awamu zote mbili zilikuwepo, zenye muhuri wa benki, na leja ilizitambua. Sehemu hii haikutuchukua hata saa moja.

Chanzo cha pili ni ushuru wa zuio, na humo ndimo tulimokesha. Mteja anapomlipa mkandarasi kwa kazi za ujenzi, na malipo yakafikia shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, hutakiwa kukata asilimia 3, kuipeleka KRA kwa niaba ya mkandarasi, na mfumo wa iTax hutoa cheti kwa jina na PIN ya aliyekatwa. Makuti ni paa, na paa ni ujenzi, ingawa mzee alicheka nilipomwambia kwamba kwa macho ya sheria yeye na mjenzi wa ghorofa wamo katika kapu moja. Mwaka ule hoteli zilimlipa kwa ankara za jumla ya shilingi 9,600,000 na kukata 288,000. Ukijumlisha 396,000 na 288,000 unapata 684,000. Ukitoa ushuru halisi wa 345,000, inabaki 339,000. Hesabu ilikaa sawasawa, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa na shaka nayo.

Binti alipovuta vyeti vyote vya 2022 kutoka katika iTax, jumla yake ilikuwa 231,000. Zilipungua 57,000.

Tulirudi kwenye ritani yenyewe, mstari kwa mstari, katika jedwali la ushuru uliozuiwa. Mistari kumi na mmoja ilikuwa na nambari za vyeti. Miwili ya mwisho, mahali pa nambari ya cheti, ilikuwa na nambari za ankara za kampuni yenyewe: kijana alikuwa ameona katika taarifa ya benki kwamba hoteli mbili zimelipa pungufu ya ankara kwa asilimia 3 kamili, akahitimisha kwamba ushuru umekatwa, na kwa kuwa hakuwa na vyeti akajaza alichokuwa nacho. Hakuiba. Lakini mtu wa ukaguzi angeiona mistari ile kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Mzee alitaka tuombe 339,000 zote na kuwaachia wao waseme kipi hakimo. Alikuwa na hoja, na hoja yenyewe haikuwa ya kupuuzwa: fedha zilikatwa kweli, taarifa ya benki inaonyesha, na sheria humbebesha mkataji, si mkatwaji, jukumu la kupeleka alichokata. Nilimpinga kwa sababu mbili. Kwanza, ombi ni tamko jipya. Ritani ya mwaka jana ilikuwa na kosa la kutojua, ila ombi la leo, baada ya sisi kujua kwamba vyeti viwili havipo, lingekuwa na kosa la kujua, na sheria ina adhabu kwa tamko la namna hiyo. Pili, 57,000 zenye shaka zingezishika 282,000 zisizo na shaka, kwa kuwa ombi huchunguzwa kwa ujumla wake.

Njia tuliyoifuata ilikuwa ndefu zaidi. Kabla siku 30 hazijakwisha tulijibu barua, kwa kurasa moja na nusu, tukiambatanisha jedwali la malipo ya awamu na la vyeti kumi na kimoja. Sehemu iliyobeba uzito ilisomeka hivi: "Kampuni imelinganisha vitabu vyake na leja na imebaini kwamba ushuru wa zuio wa shilingi 57,000, uliodaiwa katika ritani ya 2022, hauna vyeti kwa sasa. Tumewaandikia wateja wawili wanaohusika. Tunaomba muda hadi tarehe 31 Mei 2024 ili tuwasilishe vyeti hivyo au turekebishe ritani, na baada ya hapo tuwasilishe ombi la marejesho kwa kiasi kilichothibitishwa." Hatukuomba radhi wala hatukuhadithia corona, msimu mbaya na kijana aliyeondoka. Anayepokea barua hiyo anahitaji kujua kiasi gani kimethibitishwa, kipi hakijathibitishwa, na lini atajibiwa. Binti aliiwasilisha kwa anwani ya barua pepe iliyokuwa katika barua ya kwanza, kisha akapeleka nakala kaunta, akagongewa muhuri wa kupokelewa katika nakala yake.

Hoteli ya kwanza, iliyokata 36,000 katika kazi ya 1,200,000, ilituletea kituko. Mhasibu wake alisisitiza kwamba cheti kilitolewa zamani, akakituma, na kwa kweli kilikuwa cheti halali kabisa, chenye jina la mzee. Tulikitazama mara mbili kabla ya binti kuweka kidole juu ya herufi ya kwanza ya PIN: ilikuwa A. PIN ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni huanza na P. Kabla ya kusajili kampuni mzee alikuwa akifanya kazi kwa jina lake, na hoteli ile ilikuwa imebaki na PIN yake ya zamani katika orodha ya wauzaji wake, kwa hiyo fedha za kampuni zilikuwa zimewekwa katika leja ya mtu. "Yaani nimejiibia mwenyewe," akasema mzee, na hakukosea sana. Tuliichunguza ritani yake binafsi ya 2022 kuhakikisha kwamba hakudai zile 36,000 kule, maana zingekuwa zimedaiwa mara mbili, hakuzidai. Hoteli ilirekebisha tamko lake na cheti kipya kwa PIN ya kampuni kikatoka baada ya wiki tano.

Hoteli ya pili ilikata 21,000 katika kazi ya 700,000, na tangu hapo imebadilisha wamiliki. Wapya walijibu kwa adabu kwamba hawana kumbukumbu za kampuni iliyotangulia. Kwa hiyo tuliirekebisha ritani, tukaushusha ushuru wa zuio kutoka 288,000 hadi 267,000, na salio likawa 318,000. Marekebisho ya ritani huwasilishwa ndani ya iTax na hayasimami mpaka afisa ayakubali, jambo ambalo wengi hulisahau, wakaomba marejesho kwa tarakimu ya leo huku leja ikiwa bado na ya jana.

Wakati huo huo lilikuja jambo la tarehe 30 Aprili, ambalo kwangu ndilo lilikuwa hatari kuliko vyeti. Ushuru uliobaki wa mwaka wa 2023, baada ya kutoa awamu na zuio, ulikuwa 146,000, na siku yake ya mwisho ilikuwa hiyo. Idi ilikuwa imepita karibuni na mfuko wa mzee ulikuwa mwepesi. Akaniuliza kwa nini alipe 146,000 ilhali wao wameshika zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Swali hili hulisikia kila mwaka, na ndani yake mna mantiki ya sokoni ambayo ni ya kweli kabisa baina ya watu wawili wanaodaiana Kongowea. Katika leja za ushuru haifanyi kazi. Salio halilipi deni lolote mpaka ombi lishughulikiwe na kukubaliwa, na sisi wakati ule hata ombi hatukuwa tumeliwasilisha. Asipolipa, angeongezewa adhabu ya asilimia 5, yaani 7,300, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, yaani 1,460, kila mwezi unaopita, na deni hilo jipya lingekuwa la kwanza kukatwa katika marejesho yake mwenyewe. Alilipa tarehe 29, baada ya kukopa sehemu kwa shemeji yake. Nikiri kwamba ushauri huo haukuwa mtamu kuutoa. Kama ombi lingewasilishwa mwaka uliotangulia, kufidia ndiko kungekuwa njia bora kwake, na shemeji asingeguswa.

Tulikagua pia leja nyingine za kampuni, kwa kuwa kabla mlipa ushuru hajapewa senti, salio hutumika kwanza kulipia anachodaiwa kwingineko. VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ilikuwa safi. Katika PAYE, ushuru unaokatwa katika mishahara ya wafanyakazi, zilikuwepo adhabu mbili za shilingi 10,000 kila moja, za miezi miwili ya 2023 ambayo wafanyakazi walipumzishwa na binti akadhani kwamba pasipo mshahara hapana ritani. Ritani ya sifuri nayo ni ritani. Aliziwasilisha zote mbili, na mzee akalipa 20,000 moja kwa moja badala ya kuacha zikatwe ndani ya marejesho. Uamuzi huo ulikuwa wake, na sababu yake ilikuwa kwamba alitaka kuona 318,000 zikija kamili ili ajue hakuna mkono mwingine uliopita hapo katikati.

Ombi liliwasilishwa tarehe 20 Mei 2024, baada ya marekebisho ya ritani kukubaliwa. Katika fomu tuligundua kitu kimoja zaidi, kidogo ila chenye uwezo wa kuharibu yote: akaunti ya benki iliyosajiliwa katika iTax ilikuwa ile waliyoifunga walipohama benki. Ilibadilishwa kwanza, kwa akaunti yenye jina la kampuni, na barua ya benki ikaambatanishwa.

Kwa sheria ilivyokuwa wakati huo, Kamishna alikuwa na siku 90 za kulichunguza ombi na kutoa uamuzi. Mwezi Juni afisa aliandika akitaka ankara za kazi tatu kubwa, taarifa za benki zinazoonyesha malipo yake, mkataba wa kazi iliyofutwa Diani, na maelezo ya kwa nini cheti kimoja kimetolewa 2024 kwa malipo ya 2022. Swali la mwisho ndilo tulilolitarajia, na tulikuwa na mawasiliano yote ya hoteli, kuanzia cheti cha PIN isiyo yake hadi cha pili. Vielelezo vyote vilipelekwa siku ya tatu, vimepangwa kwa mfuatano wa mistari ya jedwali, ankara, kisha ukurasa wa benki wenye mstari wa malipo uliotiwa wino wa manjano, kisha cheti. Sheria inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu kwa miaka mitano, na katika kisa hiki kilichotunza kumbukumbu ni sanduku la bati la biskuti ambamo mama wa nyumba alikuwa akitia kila karatasi yenye muhuri, bila kubagua. Humo tulipata hata risiti za kamba na boriti za mwaka 2017.

Kibali cha shilingi 318,000 kilitoka wiki ya kwanza ya Agosti, na fedha ziliingia benki Novemba, wakati hoteli zinapoanza kutengeneza mapaa kwa ajili ya wageni wa Disemba. Mzee alimlipa shemeji kwanza. Zile 21,000 za hoteli iliyouzwa hazijafutwa katika vitabu vya binti. Amezihamisha katika ukurasa wa wadaiwa, chini ya jina la kampuni ya zamani, na pembeni ameandika tarehe ya Januari 2027. Mwaka huu kila ankara inayotoka ina PIN ya kampuni kwa herufi nene juu kabisa, na kila Ijumaa, kabla ya sala, binti huingia iTax kuona kama vyeti vya juma hilo vimefika.